Uhuru iliyorushwa Ngomeni: satelaiti ya kwanza ya eksirei na jina lake la Kiswahili



Juzi katika baraza moja hapa Dubai, upande wa Deira, kahawa na halua mbele yetu, mazungumzo yaliangukia kwenye darubini ya James Webb na picha zake. Kijana mmoja aliyezaliwa hapahapa, babake mtu wa Unguja, akasema kwa upole tu, wala si kwa kejeli: "Ami, haya mambo sisi hatumo. Sisi yetu tanga na Kilimia, basi." Mzee mmoja wa Mombasa akamrukia. Ati sisi ndio tuliogundua shimo jeusi, tena tukiwa Malindi, na Wazungu wametuibia! Baraza zima likacheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua wote wawili wamekosea, lakini yule mzee amekosea akiwa karibu zaidi na ukweli. Nikasema wacha niiandike khabari hii kama ilivyo, maana naona hata wasomi wetu wengi hawana khabari nayo.

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru wake. Siku hiyo, inakaribia saa nane ya mchana kwa saa zetu, katika Ghuba ya Ungwana kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka juu ya jukwaa la chuma lililosimama baharini. Kichwani ilibeba chombo cha kilo 141 hivi. Kwenye makaratasi ya NASA kilikuwa kikiitwa SAS-A, yaani satelaiti ndogo ya elimu ya nyota, ya kwanza katika mfululizo wake. Kilipokwisha kukaa kwenye njia yake huko juu kikapewa jina la kudumu: Uhuru. Hii ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuitazama mbingu kwa miale ya eksirei.

Aliyelichagua jina ni Marjorie Townsend, mhandisi wa kituo cha Goddard cha NASA, ambaye ndiye aliyeusimamia mradi. Bibi huyu alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika chuo kikuu cha George Washington, mwaka 1951, na wa kwanza Marekani kusimamia urushaji wa satelaiti. Alitaka kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, na siku yenyewe ilikuwa ni sikukuu yao. Kwa hivyo jina halikutoka kamati ya lugha wala serikalini. Ni mgeni aliyekuja kufanya kazi yake, akasikia neno linalosemwa na kila mtu siku ile, akalichukua.

Na neno lenyewe, tuliopo huku Ghuba tunalijua vizuri zaidi kuliko wengine. Mtoto wa Kiarabu shuleni hapa akisikia "uhuru" anaitambua mara moja ile "hurr" ya kwao, lakini ile u- ya mwanzo haielewi inatokea wapi. Kwao ni "hurriya". Sisi tulichukua mzizi wa Kiarabu tukauvika kiambishi cha Kibantu, neno likawa letu. Na elimu ya nyota yote kwetu imejaa mchanganyiko huo. "Darubini" ni Kiajemi, dur ni mbali na bin ni mwenye kuona. "Falaki" ni Kiarabu. "Sayari" nayo ina kituko chake: mwambie dereva wa teksi hapa kwamba unatafuta sayyara, atakuonyesha gari, wala si Zuhura wala Mirihi. Asili ya yote mawili ni moja tu, kitu chenye kwenda.

Sasa kwa nini Ngomeni? Hapo ndipo wanapoingia Waitaliano. Profesa Luigi Broglio, mhandisi wa jeshi la anga na mwalimu wa chuo kikuu cha Roma, alikuwa na mradi ulioitwa San Marco. Mwaka 1962 Italia na NASA zikakubaliana: Wamarekani watoe roketi na mafunzo, Waitaliano watengeneze satelaiti na watafute mahali pa kurushia karibu na mstari wa ikweta. San Marco ya kwanza ilirushwa Virginia mwezi wa Desemba 1964, kama mazoezi. Ya pili iliruka tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa la Ngomeni, na kuanzia hapo bahari ile ikawa na kazi nyengine mbali na kamba na changu. Majukwaa makubwa yalikuwa mawili, San Marco lenyewe la kurushia, na Santa Rita la kuongozea, na nchi kavu kulikuwa na kambi. Watalii wa Kiitaliano waliojaa Malindi baadaye, hata wachuuzi wa ufukweni wakawa wanapiga bei kwa Kiitaliano, walitanguliwa na mafundi hawa wa roketi.

Faida ya ikweta inafaa kuelezwa, maana watu husema tu "karibu na ikweta" halafu wakapita. Dunia inajizungusha, na pale kiunoni mwake kasi ni kubwa zaidi, kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoondoka Ngomeni kuelekea mashariki imeshapewa kasi hiyo bure kabla haijawasha moto. Hapa Dubai, tuko nyuzi 25 kaskazini, kasi ni kiasi cha 1,510. Lakini kubwa zaidi ni jambo la pili. Satelaiti iliyorushwa kutoka Dubai haiwezi kuzunguka sambamba na ikweta bila kutumia mafuta mengi ya kugeuza njia. Itapanda na kushuka mpaka nyuzi 25 kila upande. Uhuru, kwa kutoka Ngomeni, njia yake ilipinda kwa nyuzi 3 tu. Na kwa nini hilo lilitakiwa? Juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini kuna mahali ambapo chembechembe zenye umeme zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini sana. Chombo cha kuhesabu eksirei kikipita hapo hujaa makelele, hakisikii kitu. Satelaiti inayobana ikweta huikwepa sehemu kubwa ya balaa hiyo. Yaani bahari ya Ngomeni haikuchaguliwa kwa sababu ya urahisi wake. Kwa kazi ile hasa, palikuwa ni mahali bora.

Turudi nyuma kidogo. Mtu aliyepigwa picha ya kifua hospitali anadhani eksirei hupenya kila kitu. Hupenya mwili, kweli. Lakini hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu uzito wake ni sawa na maji ya kina cha mita 10, na hapo eksirei za nyota huishia njiani. Hakuna hata moja inayotufikia chini. Tungeishi miaka elfu nyengine, na darubini za vioo juu ya kila mlima, tusingejua kwamba mbingu ina uso huo. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, na wenzake katika kampuni ya American Science and Engineering huko Cambridge, Massachusetts, walirusha roketi ndogo New Mexico. Shabaha waliyoitangaza ilikuwa ni mwezi. Roketi ya namna ile inapanda na kuanguka, inakuwa juu ya hewa kwa dakika tano au sita tu. Katika dakika hizo wakaona chanzo kikali cha eksirei upande wa kundi la nyota la Scorpius, la nge, kikali kiasi kwamba hakuna aliyekitegemea. Ilikuwa ndio mara ya kwanza kupata chanzo kilicho nje ya jua na majirani zake.

Miaka minane iliyofuata wakawa wanaishi kwa dakika tano tano. Mwisho wa yote walikuwa na vyanzo kama thelathini, vyengine hata mahali pake hapajulikani vizuri. Ndiyo maana Giacconi alitaka chombo kinachokaa juu, kisichoanguka.

Na hebu nikiri jambo: tukiita Uhuru "darubini" tunatumia neno kwa ukarimu. Haikuwa na kioo, haikuwa na lenzi, wala haikupiga picha hata moja. Ilikuwa na masanduku mawili ya gesi, yameelekezwa moja huku na moja kule, na mbele ya kila moja mirija ya chuma iliyopangwa kama sega la nyuki. Eksirei ikiingia kwenye gesi inatoa cheche ya umeme, mashine inahesabu moja. Mirija kazi yake ni kuziba pembeni, ili kinachohesabiwa kiwe kinatoka mbele tu, mfano wa mtu anayechungulia angani kupitia bomba. Upande mmoja bomba lilikuwa jembamba, kama nusu ya nyuzi moja, na upande wa pili pana, nyuzi tano. Satelaiti ikajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikafagia ukanda wa mbingu, kisha ikaelekezwa ukanda mwengine kwa kutumia nguvu za sumaku ya dunia. Kufagia, kuhesabu, kufagia. Si mashine ya kutia watu wazimu kwa uzuri wake. Lakini ilikaa juu zaidi ya miaka miwili ikifanya hivyo, hadi Machi 1973.

Iliyoyaona ni haya. Kwanza, chanzo kinachoitwa Cen X-3 kilikuwa kikipiga kama mapigo ya moyo, kila sekunde 4.8. Halafu mapigo hayo yakawa yanasogea, mara yanakuja haraka kidogo, mara yanachelewa, na kila siku mbili na kidogo yanazimika kabisa kwa saa kadhaa, kisha yanarudi. Ukifikiri utaona maana yake: kitu kinachopiga kinazunguka nyota kubwa, na kila zamu kinajificha nyuma yake. Ni mwili wa nyota iliyokufa, nyota ya nyutroni, ambayo uzito wake unazidi wa jua na upana wake hauzidi mji. Inamnyonya jirani yake, na gesi inayoanguka juu yake inapata joto la mamilioni ya nyuzi, nayo ndiyo inayotoa eksirei. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa na mawazo mengi juu ya nguvu hizi zinatoka wapi. Uhuru iliwaonyesha kwamba kuanguka peke yake, kuanguka kwa kitu juu ya kitu kilichoshindiliwa sana, kunatoa nguvu kuliko moto wa ndani ya jua.

Pili, Cygnus X-1. Hiki kipo katika lile kundi ambalo Wazungu wanaliita bata-maji na Waarabu waliliita kuku. Nyota yake angavu, Deneb, mpaka leo jina lake ni la Kiarabu, maana yake mkia. Cygnus X-1 hakikupiga kwa mpangilio. Kilitapatapa, kikipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko muda ambao mwangaza unahitaji kukikata, kwa hivyo kitu kile lazima kiwe kidogo mno. Baadaye mahali pake pakajulikana vizuri, na wanafalaki Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton akiwa Toronto, wakaipima kwa darubini za ardhini nyota ya buluu iliyopo hapo. Wakakuta inazungushwa kila siku 5.6 na mwenza asiyeonekana, mzito kupita kiasi ambacho nyota ya nyutroni inaweza kubeba. Lilikuwa ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wataalamu wengi walilikubali. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema uzito wake ni kama majua 21, na liko mbali miaka 7,200 ya mwangaza.

Stephen Hawking mwaka 1974 aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwenyewe alisema ilikuwa ni kama bima, akikosea katika elimu angalau apate kitu. Alikubali kushindwa mwaka 1990, na Thorne akalipwa kwa kuandikishwa gazeti ambalo kwa heshima ya wasomaji sitalitaja jina.

Tatu, na hili husahauliwa, Uhuru iliona kwamba katikati ya makundi makubwa ya galaksi si patupu. Pamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba gesi hiyo kwa jumla ni nzito kuliko nyota zote za galaksi hizo. Fikirini hilo. Sehemu kubwa ya maada ya kawaida ya pale ilikuwa haionekani kwa jicho wala kwa kioo, ikasubiri masanduku mawili ya gesi kutoka Ngomeni.

Orodha ya nne na ya mwisho ya Uhuru ilichapishwa mwaka 1978, vyanzo 339. Na hapa nataka wapenzi wa lugha wanisikilize. Kila chanzo kilipewa jina kwa mtindo huu: 4U 1700-37, 4U 1820-30, 4U 0115+63. Namba za nyuma ni mahali pake angani. Ile 4 ni orodha ya nne. Na ile U ni Uhuru. Majina hayo hayakufutwa. Wanafunzi wa Tokyo, Leiden na Bangalore wanaoandika juu ya nyota hizo wanaandika herufi ya kwanza ya neno letu, wengi wao bila kujua. Tunaloshindania barazani, kama Kiswahili kina nafasi katika sayansi, mbingu imeshalijibu kwa herufi moja mara 339.

Lakini mzee wangu wa Mombasa naye nisimwache hivihivi. Hatukugundua sisi. Sina jina la Mkenya hata mmoja la kuweka katika orodha ya walioandika zile makala za kwanza. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi na satelaiti za Wamarekani, na fahari ikaenda kwa wenyewe: Giacconi alipata nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, kwa haki yake kabisa. Alikuwa pia mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Baltimore inayosimamia kazi za darubini ya Hubble, na aliishi mpaka Desemba 2018. Sisi tulitoa bahari, jina na makaribisho. Kuna wanaoona hilo ni dogo. Mimi naona si dogo, ila si ugunduzi, na tukisema uongo hapa hatutaaminiwa tukisema kweli pengine.

Swali linalonikera ni jengine. Kutoka jukwaa lile zilirushwa satelaiti 9 kwa jumla, baina ya 1967 na 1988. SAS-2 ya mwaka 1972 ilikwenda kutafuta miale ya gama. Ariel 5 ya Waingereza iliruka Oktoba 1974, SAS-3 Mei 1975. Ya mwisho ilikuwa San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo kimya. Kituo cha kupokelea data nchi kavu kiliendelea na kazi, na mahali pote pakapewa jina la Broglio baada ya kufa kwake mwaka 2001, lakini roketi hazikuruka tena. Scout ilikuwa roketi ndogo, satelaiti zikazidi kuwa nzito, na Marekani iliiachisha kazi mwaka 1994. Kourou, kule Guyana ya Wafaransa, nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, wao wakaendelea kujenga, na Webb iliyoanzisha mazungumzo yetu ya barazani ilitoka huko tarehe 25 Desemba 2021. Ikweta ni ileile. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa tayari kulipa, na nani aliyeona pwani ile kuwa ni ya kulipiwa. Kenya yenyewe iliunda shirika lake la anga mwaka 2017, na satelaiti yake Taifa-1 iliruka Aprili 2023 ikiwa imepanda roketi ya SpaceX, huko California. Kutoka nchi yenye jukwaa la ikweta! Lakini mwenye pesa chache hupanda gari linalopita.

Waemarati nao hawana pa kurushia. Chombo chao cha kwenda Mirihi, kilichosimamiwa na kituo cha Mohammed bin Rashid hapahapa Dubai, kiliondoka Japani Julai 2020 na kikafika tarehe 9 Februari 2021. Wakakiita al-Amal, tumaini. (Msomaji wa Kiswahili asichanganye na "amali" yetu, hiyo ni ya ayn, matendo. Mtu anaweza kuwa na tumaini bila amali, na kinyume chake.) Usiku ule Burj Khalifa iliwaka nyekundu, na madereva wakapiga honi. Tofauti ya majina haya mawili nimeifikiria sana. Amal ni jina ambalo mwenye chombo alikiita chombo chake. Uhuru ni jina ambalo mgeni alilichukua kumheshimu mwenyeji wake.

Yule kijana wa barazani nilimpeleka baadaye kituo cha nyota cha Al Thuraya, kule Mushrif Park. Nikamwambia kwanza kwamba Thuraya ndiyo hiyo Kilimia yake aliyoitaja, nyota za kulimia. Akanyamaza. Kisha nikamweleza khabari ya IXPE. Hii ni satelaiti ya NASA na Waitaliano iliyorushwa Florida tarehe 9 Desemba 2021, ikawekwa kwenye njia inayobana ikweta kabisa, kwa sababu zilezile za mwaka 1970. Kituo kikuu kilichopangwa kupokea data zake ni Malindi. Katika mwaka wake wa kwanza ilielekezwa kwenye Cygnus X-1, ikaangalia namna eksirei zake zilivyojipanga, na kutokana na hilo wataalamu wakapata kujua umbo la gesi ya moto inayolizunguka lile shimo. Data hizo zilipangiwa kushukia kwenye sahani za antena za pwani ile, mwendo mfupi kwa mashua kutoka jukwaa la San Marco, ambalo chuma chake kinaliwa na chumvi.

Akaniuliza kama pale Ngomeni kuna ubao wowote wa kueleza haya kwa Kiswahili. Mwenye kujua atuambie.

Wasalaam.